Kitana cha Njiti Moja

Kabla hujamgusa mtoto kichwa, mwulize kama ameshakojoa. Nawaanzia hapo, vijana wangu, kwa sababu hayo hayamo katika mashine zenu za umeme na hakuna mwingine atakayewaambia. Mtoto aliyebanwa na mkojo hatulii, na mtoto asiyetulia huinuka kitini na kichwa kama shamba la viazi lililopitiwa na nguruwe. Mwulize. Akisema ndiyo, mpeleke hivyohivyo.

Mlinikuta nimekaa nje ya saluni yenu hapo Remera, nimeleta mjukuu, nikawaambia mnashika mashine kama mnashika nyoka. Mkacheka, mkasema, "Bibi, basi utuandikie." Haya, naandika. Mikono imechoka na macho yamechoka, na shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo msitafute mpangilio. Nitasema kama ninavyosema nikikaa na watu, na pale nitakapochoka mtaona nimeruka.

Kwanza, mimi sikuwa kinyozi. Nilikuwa natengeneza vifaa: vitana vya kunyolea nyumbani, vya mama kumnyolea mwanawe kizingitini bila kumchana ngozi na bila kumwachia ngazi. Ngazi mnaijua, ile nywele inayopanda na kushuka, hapa fupi, pale ndefu, mpaka watoto wenzake wanamwuliza kama kuna mtu anapandia kichwani mwake kwenda darini.

Nilizaliwa Biryogo, hapahapa Kigali, katika Waswahili, kama wanavyotuita Waislamu, na kazi niliipata kwa tundu la sufuria. Mama alinituma Remera kwa fundi mmoja mzee, Bwana Rajabu, kwa sababu mafundi wa kwetu walikuwa wameshaiziba sufuria ile ikavuja tena. Rajabu alikuwa Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura. Alihama kwao wakati wa matatizo yao akiwa amebeba kitu kimoja tu, jiriwa, lile dude zito la chuma la kubania kazi mezani. Watu walikimbia na magodoro, yeye akakimbia na jiriwa. Nilikaa kungoja sufuria, nikaona anavyopiga tupa, nikamwambia, "Bwana, hapo umeacha mwiba." Akanitazama. Akanipa tupa. Sufuria mama aliifuata mwenyewe.

Sasa niwaambie hali ya nywele ilivyokuwa miaka ile ya tisini na moja, tisini na mbili. Saluni zenye umeme zilikuwa za wakubwa wa mjini. Sisi wengine tulikuwa na kinyozi wa barazani na mashine yake ya mkono, ile ya kuminyaminya kama koleo. Springi yake ikishachoka, mashine hainyoi tena, inang'oa. Na shule ilitaka kila kichwa kiwe kifupi, cha mvulana na cha msichana. Kwa hiyo Jumapili ilikuwa siku ya kilio. Ungepita mitaa ya Remera mchana ungedhani kuna msiba kila nyumba.

Kisha ikaja Sida, ndiyo UKIMWI. Kwenye redio na kwenye vituo vya afya wakasema: kila mtu na wembe wake, msichangie. Kina mama wakaacha kwenda kwa vinyozi, wakarudi kwenye nusu ya wembe waliyoishika kwa vidole viwili, na kitana cha mbao mkono wa pili. Mkono ukiteleza, damu. Mtoto akigeuka, ngazi. Walikuwa hawana kosa. Vidole viwili haviwezi kujua urefu.

Hapo ndipo nilipoanza kuota. Nilikuwa msichana wa kucheka ovyo na kuota mchana. Nilitaka kitana chenye wembe ndani yake, wembe ukae mahali pamoja, kwa urefu mmoja, usimguse mtoto ngozi hata mama akiwa anaongea na jirani. Na kifunguke, ili kila mtu aweke wembe wake na autoe. Nikamwambia Rajabu kwamba kila nyumba ya nchi hii itakuwa na kitana changu, kimening'inia karibu na mwiko.

"Kila nyumba?"

"Kila nyumba, bwana."

"Hata ya mwenye kipara?"

"Ana watoto."

"Akiwa padri?"

"Bwana Rajabu, mapadri watakuja baadaye."

Cha kwanza nilifunga wembe kwa uzi kwenye kitana cha mbao. Uzi ulilegea, wembe ukahama, sitaki kusema zaidi. Cha pili nilikata mwili wake kutoka alumini ya sufuria kuukuu, na meno nikayatengeneza kwa spoku za baiskeli, kwa sababu spoku ni ngumu, haipindi ovyo, na tayari ina nati yake ndogo mwishoni. Nati hiyo ndiyo iliyoshika wembe: unaizungusha kwa kidole, unachomoa, unaweka mwingine. Jambo hilo nililigundua mwenyewe na nilitembea nalo wiki nzima kama mtu aliyeposwa.

Kisha nikafanya kosa ambalo msichana wa Biryogo angelifanya. Kwetu nyama choma haipungui, na palipo na nyama choma pana ngozi za mbuzi. Nikaomba ngozi yenye manyoya, nikaitandika kwenye meza ya karakana, nikapitisha kitana changu. Loo! Kilipita kama siagi. Manyoya sawasawa, ukipapasa ni kama zulia. Nilicheza pale pale. Rajabu akavua kofia akasema, "Nijaribu mimi. Juu hapana kitu, lakini kandokando nimebakiwa na akiba."

Kilikwama juu ya sikio. Hakikwenda mbele wala hakikurudi. Machozi yakamtoka mzee wa watu, akasimama na kitana kinaning'inia kichwani, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Binti, mimi ni mbuzi?"

"Hapana, bwana."

"Basi kwa nini umenitengenezea kifaa cha mbuzi?"

Nilicheka huku namkatia kwa mkasi, naye akacheka huku analia. Lakini alinifundisha, na nyinyi mlichukue. Nywele ya mbuzi imelala upande mmoja, kama majani baada ya mvua. Nywele yetu inajikunja, inazunguka, inarudi kuuliza ilikotoka. Meno yakikaribiana inayafunga kama kamba. Tukayatenganisha. Ncha zake tukazisugua kwa msasa mpaka ziwe duara, kisha kila jino tukalipitisha shavuni. Shavu haliongopi. Mezani tukaweka ngozi ya kondoo badala ya mbuzi, maana kondoo angalau anajua kujikunja.

Urefu tuliupima kwa njiti ya kiberiti. Tuliweka njiti kati ya kiti cha wembe na mgongo wa meno, tukakaza, tukaitoa. Pengo lililobaki ndilo nywele itakayobaki. Kitana cha njiti moja kilikuwa cha shule. Kitana cha njiti mbili kilikuwa cha kupunguza kwanza, kwa kichwa kilichosahauliwa. Mkitaka kujua siri yote ya kazi yangu, ni njiti hiyo. Huwezi kumwambia mama "milimita mbili", lakini njiti anayo jikoni.

Na mengine, haraka kabla sijasahau. Chana kwanza, nyoa baadaye. Nywele iwe kavu. Anzia kisogoni, kwa sababu hapo mtoto haoni ulichoharibu. Utosini kuna mzunguko, na kila mtu ana wake. Ufuate mzunguko kama maji, usiukate katikati. Mtoto akicheka, simama. Kichwa kinachocheka kinatembea.

Nimepumzika kidogo, nimekunywa chai. Nilitaka kuandika jinsi karakana ile ilivyokua, lakini haikukua. Haipo, na Rajabu hayupo. Mwaka wa tisini na nne mnaujua, na nyumba ambazo nilizitakia vitana mnajua zilivyofanywa. Sina nguvu ya kuandika hayo katika karatasi ya vitana. Nitawapa siku moja tu ya kabla yake, na watu wote nitawaacha hapo walipokuwa, wazima.

Baraza lililofuatana na letu lilikuwa la mshonaji mmoja, Mama Aline. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, mwenye nyuzi zimemnasa nywele kila siku, mpaka Rajabu alikuwa akimwambia siku moja atashonwa pamoja na gauni la mtu. Alikuwa na Aline, msichana wa shule, na wavulana wawili wadogo. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Alirudi safari moja amekonda, ya pili amekonda zaidi, kisha hakuondoka tena. Wakampeleka Ndera kwa mama yake, kwenye migomba na hewa safi, na huko akafa.

Walimzika. Wiki zikapita, ikakaribia siku ya kumaliza msiba. Kwao siku hiyo ukoo hukaa pamoja, hunywa pombe ya mtama, na kila aliyefiwa hunyolewa, mkubwa na mdogo, ili huzuni ianguke na nywele. Mama Aline alikuja karakana mchana mmoja, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Zaina, mdogo wangu, ile kitana yako inanyoa kweli?"

"Inanyoa, dada. Kwani shule imefungua?"

"Si ya shule." Akatazama barabarani, akashusha sauti. "Kwa mukecuru, mama mkwe, iko wembe moja. Ya chuma, ya mhunzi, ya zamani sana. Wote wananyolewa na ile. Moja tu. Anasema damu moja, wembe moja."

"Ndiyo?"

"Ile ndiyo walimnyolea Papa Aline, mwisho-mwisho. Mimi nilikuwa hapo. Ngozi yake ilikuwa kama karatasi. Damu kila mahali, sha. Wakaifuta na kitambaa, wakaiweka."

Mimi kwa ujinga wangu nikasema, "Si uwaambie, dada."

"Niwaambie nini? Nikisema ile neno, nani atakula na watoto wangu? Nani atawashika?"

Rajabu alikuwa ameacha kupiga tupa. Mtaniuliza, nyinyi vijana wa leo, kwa nini wasiuchemshe tu? Maji ya moto tuliyajua. Lakini kuchemsha wembe wa marehemu mbele ya ukoo wake ilikuwa sawa na kulisema neno lile kwa sauti. Na kukataa wembe wa ukoo bila sababu ilikuwa kusema wewe si wa ukoo. Mama Aline alitaka kupita katikati: alete kitu kizuri mno, kipya mno, hata wakipokee kama heshima na wasiulize. Vichwa vya watoto wake visiguswe na ule wembe, na asilazimike kueleza. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Rajabu akasema, "Kila kichwa na kitana chake. Tuvitengeneze vizuri mpaka waone aibu kuvikataa."

Nadhani sijatengeneza vitu vizuri kuliko vile. Tuling'arisha alumini kwa majivu mpaka ukajiona. Kila kimoja tulikifunga uzi wa rangi yake mpinini, nyuzi za Mama Aline mwenyewe, ili visichanganyike. Rajabu aligoma kwenda. Alisema mzee asiye na nywele akifika kwenye kunyoa watu watadhani anawacheka. Nikaenda mimi, na Mama Aline, na watoto.

Vita vilikuwa vimeshaanza kaskazini, na barabarani palikuwa na kizuizi. Mwanajeshi alifungua mfuko wangu akaona meno ya chuma na nyembe zinazong'aa. Uso ukabadilika.

"Hii ni nini?"

"Vitana, afande."

"Kitana gani kina wembe?" Akaingiza mkono, akatoa kimoja, akakigeuza, akajipitishia kwenye ndevu kidogo. Nikaona kimempendeza. Nikaona tumeshakikosa.

Mama Aline akasema taratibu, "Ni vya kumalizia msiba, ndugu yangu. Tunaenda kunyolewa."

Alikirudisha kwenye mfuko wangu kama kilichomuunguza. Akatufungulia kamba bila kutazama vitambulisho, akatupa pole. Kijana tu, huenda mdogo kuliko mimi. Tukatembea njia yote ya udongo mpaka Ndera, wavulana wakigombania nani anyolewe kwanza.

Ukoo ulikuwa umeshakaa uani. Nitayaandika maneno yao kwa Kiswahili, ingawa kule ilikuwa Kinyarwanda. Mukecuru Velonika, yaani Bibi Velonika, mama wa marehemu, alikaa mkekani na kiko mdomoni, na mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, ule wembe: chuma cheusi, kifupi, mpini wa mbao uliochakaa. Nilipouona nikajua kwa macho ya fundi kwamba ulikuwa butu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni fundi kutoka Kigali, Mama," Mama Aline akasema. "Ametutengenezea vitana vipya vya kunyolea. Ni heshima ya Papa Aline. Havikati watoto, na nywele zinakuwa sawasawa."

"Mswahili?"

"Mswahili, mukecuru," nikasema mwenyewe.

"Haya. Waswahili wanajua kuchinja, labda na kunyoa wanajua." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na nikadhani tumepita.

Nikamketisha Aline kwenye kigoda mlangoni, penye mwanga. Nikachana. Nikapitisha kitana chake cha njiti moja, kutoka kisogoni. Alikaa ametulia, mikono magotini. Nywele zilianguka, na kichwa chake kikatoka chini yake kama kitu kipya, duara, laini. Wanaukoo walisogea kutazama. Shemeji mmoja alisema hajawahi kuona kitu kama hicho. Nilijivuna, sitaficha.

Mukecuru akamwita mjukuu wake. Akampitishia kiganja kichwani, kutoka mbele mpaka nyuma. Kiganja kikasimama.

"Umeziacha," akasema.

Nikaelewa hapohapo. Kitana changu kilitengenezwa kuacha. Kazi yangu yote, spoku zote, njiti zote, ilikuwa ili wembe usifike kwenye ngozi. Na msiba unataka ngozi. Unataka kipara, kisibaki kitu. Sikuwa nimewaza, wala Rajabu, wala Mama Aline. Tuliwaza damu tu.

"Msiba haumalizwi nusu," mukecuru akasema, bila hasira. "Vitana ni vizuri, mwanangu, asante. Vya shule. Sasa lete huyo mtoto nimmalizie." Akauchukua ule wembe kutoka kwenye kitambaa. Kwa mkono mwingine akamshika Aline bega, akamgeuza.

Mama Aline akasema, "Mama, usimguse."

Mkwe hasemi hivyo.

"Nisimguse nani?"

"Usimguse na huo." Alikuwa amesimama, na nyuzi bado ziko katika nywele zake, nyekundu na bluu. "Huo ulimnyoa yeye. Alikuwa na Sida, Mama. Ni Sida."

Mmoja wa wajomba aliweka chini mrija wa pombe. Nilimwona mwanamke mmoja akimvuta mtoto wake karibu, mbali na wavulana wa Mama Aline, hatua moja tu, lakini niliiona, na Mama Aline aliiona. Lile aliloliogopa lilikuwa limeshaanza.

Mukecuru aliurudisha wembe kwenye kitambaa, akaondoa kiko mdomoni. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla hajarudi hapa."

"Na mimi ndiye niliyemnyoa. Kwa mkono huu. Ukanitazama."

"Alikuomba wewe, Mama. Nilitaka kumnyoa mimi, akakataa. Alisema mkono wako ndio haumuumizi."

Bega la Aline lilikuwa bado mkononi mwa mzee yule, hakuliachia. Kisha akamvuta mtoto kabisa, akampakata, msichana mkubwa vile, miguu imening'inia nje ya mkeka. Akamtazama yule mwanamke aliyesogeza mtoto wake, akamtazama mpaka akarudi pale alipokuwa.

"Mswahili," akaniita. "Hicho kitu chako kinaacha sawa kwa kila mtu? Mkubwa na mdogo?"

"Sawa kwa kila mtu, mukecuru. Kimepimwa."

"Basi wanyoe wote hivyo. Wote. Asionekane aliyebaki juu na aliyebaki chini."

Yule shemeji akanung'unika. "Mama, sasa tutakuwa tumenyolewa nusu. Watu watasema nini?"

"Wewe una nywele ngapi za kugawa nusu? Kaa hapo kwanza, watu wakuone."

Walicheka, wale waliokuwa na nguvu ya kucheka. Akakaa. Nikamnyoa, kisha wavulana, kisha wajomba na mashangazi, kila mmoja na kitana chake na wembe wake mpya, na nati ikizungushwa mbele yake aone. Mama Aline alinyolewa akiwa amefumba macho, na nyuzi zake zikaanguka pamoja na nywele. Mkono wangu ulikufa ganzi. Uani palijaa vichwa vya urefu mmoja, na kwa kweli usingejua nani ni mkwe na nani ni mtoto wa kuzaliwa.

Nikachukua kitana cha mwisho, chenye uzi mweupe, nikapiga magoti mkekani. Mukecuru akausukuma mkono wangu.

"Mimi na huu," akasema. Alimaanisha wembe.

"Mama, hapana," Mama Aline akasema.

"Wewe umeficha jambo lako miezi yote hii, nami sikukuuliza kwa nini. Niachie moja."

Neno lilikuwa limeshasemwa, hapakuwa na la kuficha tena, kwa hiyo niliomba sufuria ya maji ichemshwe. Alikubali. "Chemsha. Lakini usiunoe. Uwe kama ulivyokuwa siku ile nilipomnyoa."

"Ni butu, mukecuru. Utaumia."

"Nimekuambia usiunoe."

Maji yakachemka, nikautumbukiza wembe, nikauacha humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, labda nikitumaini atabadili nia. Hakubadili. Nilimlowesha kichwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Nywele zake zilikuwa nyeupe na laini, chache, ngozi ikionekana chini yake. Nilikuwa nimetumia ujana wangu kuhakikisha chuma kama kile hakishikwi tena na mtu.

"Njoo," akasema. "Usiogope."

"Mkono unatetemeka, mukecuru."

"Basi tetemeka polepole."

Wembe butu hausukumwi, vijana wangu. Unavutwa kidogo, unainuliwa, unavutwa kidogo, na kidole gumba cha mkono wa pili kinatangulia kuikaza ngozi. Hilo nalo mlijue, ingawa naomba msije mkalihitaji. Nilikwenda hivyo kutoka paji la uso mpaka utosini. Alikuwa ameshika kiko kisichowaka. Mishipa ya shingo ilimsimama.

"Nakuumiza?"

"Unaniumiza," akasema. "Endelea."

Nilipofika kando, Aline alikuja na kichwa chake kipya, akapiga magoti karibu nasi, akalikunja sikio la bibi yake kwa vidole viwili, taratibu, ili nipate kupita nyuma yake.